Fagio Lililogusa Jiwe

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda cha wageni, katika chumba cha chini cha nyumba ya binti yangu Larissa, sina nyumba yangu wala unahodha wangu. Nyumba niliiuza mwenyewe. Unahodha wa timu ulichukuliwa na mkwe wangu Trent kwa kura, na kura iliyomwinua ilikuwa yangu. Niliona aibu kujipigia mwenyewe.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Orest Bilyk, nimefiwa na mke, na mji wetu ni Dunmoor, Manitoba, ambako baridi ni ndefu na burudani ni moja. Tunatelezesha mawe juu ya barafu.

Jiwe ni zito, la mviringo, lina mpini. Unaliachia, linakwenda lenyewe kuelekea duara lililochorwa ng'ambo. Wenzako wawili wanakimbia mbele yake wakiifagia barafu ili lisichoke mapema. Jiwe lililo karibu zaidi na kitovu cha duara ndilo linaloshinda. Basi, mchezo ndio huo.

Sheria moja ndiyo ninayotaka uishike. Fagio lisiguse jiwe. Likigusa, hakuna refa wa kupuliza filimbi. Aliyegusa anasema mwenyewe, "Nimegusa," na nahodha wa upande wa pili anaamua jiwe lifanyweje. Mpinzani aliyeona hasemi. Kumwambia mtu "umegusa" kabla hajasema ni sawa na kumfungulia mwenzako mlango wa choo akiwa ndani. Unasubiri. Mwenyewe atasema.

Baba yangu alisema. Wilf, mwenyekiti wetu, alisema siku ya fainali, akakosa kombe, na mpaka leo watu wakimpita barabarani wanagusa kofia kwa heshima.

Sasa nije kwenye fainali ya safari hii. Sisi dhidi ya timu ya Gudrun Sigvaldason, na mshindi anakwenda Brandon kucheza na miji mikubwa.

Hapa lazima nimseme Gudrun. Yeye ni mjane. Kila Alhamisi nakunywa kahawa jikoni kwake. Hatujawahi kuitana jina lolote zaidi ya majina yetu, lakini nilikuwa nimeshanunua shati jipya, na mtu wa umri wangu hanunui shati bila sababu. Nilipanga kumwambia neno Alhamisi iliyokuwa inakuja.

Aliwahi kuniambia, akikata keki: "Mwanamume akikoroma nitavumilia. Akiwa maskini nitavumilia. Lakini aliyegusa jiwe akanyamaza, simtaki hata kwenye kibaraza changu."

"Nimekusikia," nikasema. Kwa mtu kama mimi lilikuwa sharti jepesi.

Jiwe la mwisho lilikuwa la Trent. La Gudrun lilikuwa limekaa karibu na kitovu, limetulia kama paka juani. Trent akaachia lake. Mimi na Bohdan, mwenzetu wa timu, tukafagia. Katikati ya njia Bohdan akaishiwa pumzi, na Trent, aliyekuwa bado amepiga goti kule alikoachia jiwe, akainuka, akakimbia, akashika nafasi yake. Sheria inamruhusu.

"Linakufa hilo. Sugua, mzee, sugua."

Tulipokaribia duara fagio lake likagonga jiwe. Nililiona kwa macho yangu. Jiwe likatetereka, likapinda kidogo, likaenda kukaa juu ya kitovu chenyewe.

Nikainua uso. Nikasubiri aseme.

"Wacha wee," Trent akasema, akainua fagio juu kama bendera.

Nikaendelea kusubiri. Tukapeana mikono na timu ya Gudrun. "Mchezo mzuri." "Mchezo mzuri." Gudrun alinipa mkono, akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akasema mchezo mzuri. Tukaenda mezani, maana kwetu washindi ndio wanaowanunulia walioshindwa. Trent akanunua. Akalisimulia lile jiwe, akalisimulia tena, na kila alipofika pale pa kugusa alipapita upesi, kama mtu anayepita nje ya nyumba ya mdai wake.

Tuliporudi nyumbani, ndani ya gari, nikasema.

"Trent, fagio lako liligusa."

"Kidogo."

"Kidogo au sana, ilibidi useme."

"Nani kaona?"

"Mimi nimeona."

"Wewe ni wa kwetu, mzee. Wewe huhesabiki."

"Gudrun ndiye aliyestahili kwenda Brandon."

"Angetaka kwenda angeshinda." Akaongeza sauti ya redio.

Nilidhani usiku ule hatapata usingizi. Chumba chake kiko juu ya changu. Alikoroma mpaka taa yangu ikatikisika.

Jumatatu video ikatoka. Mtu mmoja kwenye mabenchi alikuwa amepiga kwa simu. Yote yanaonekana: mafagio mawili, jiwe, mguso. Kitu kimoja tu hakionekani, nacho ni fagio la nani, kwa sababu mgongo wangu umeziba.

Haya, nikasema moyoni. Sasa amekwisha. Nikamwonea huruma, nikaanza hata kupanga maneno ya kumfariji.

Akashuka ngazi na simu mkononi, anacheka.

"Mzee, walioangalia ni wengi kuliko mji wote huu, na ng'ombe ukiwahesabu."

"Pole," nikasema.

"Pole ya nini? Unajua dukani kwangu nimeuza pikipiki ngapi za theluji asubuhi hii? Watu wanatoka mji wa pili kuja kuniona. Wananunua wakiwa bado wanacheka."

Kufika Jumatano alikuwa amechapisha kofia. Mbele zimeandikwa NANI KAONA? Zikauzwa kwenye kantini ya klabu. Mchungaji alinunua. Wilf alinunua, akasema ni ya mjukuu, lakini ilikuwa kichwani mwake. Nikaiona hata kwa mwanamke mmoja wa timu ya Gudrun, ambaye kwa ajili ya fagio lile alikosa nafasi ya Brandon.

"Hata wewe, dada?"

"Orest, ina vifuniko vya masikio," akanijibu. "Na ni pamba safi."

Mezani nilimwambia Trent kwamba zamani mtu akikamatwa alijificha.

"Ndio maana walikuwa maskini," akasema. "Siku hizi ukijificha ndio umekamatwa. Mficha uchi hazai, mzee."

"Methali hiyo iliambiwa mgonjwa, ili aende kwa mganga."

"Mimi ni mzima. Nipe chumvi."

Niseme pia kwamba Wilf alikuwa anastaafu, na Jumapili klabu ilikuwa inachagua mwenyekiti mpya. Kabla ya video hakuna aliyejua nani atashinda. Baada ya video kila mtu alijua.

Alhamisi nilivaa shati. Gudrun akapiga simu, akasema ana mafua, nisije. Sauti yake haikuwa na mafua hata chembe.

Nikavua shati, nikakaa kitandani, nikafikiri taratibu, kwa maana mimi siwezi kufikiri haraka. Kwenye video mafagio ni mawili. Moja ni la Trent, jingine ni langu. Kama Gudrun hajui ni lipi lililogusa, basi nusu ya mashaka ni yangu. Njia ya kuyaondoa ni moja: Trent aseme mwenyewe. Na ili aseme, lazima kwanza aone haya.

Hapo nikamkumbuka baba. Jirani mmoja aliwahi kumwibia kuku. Baba hakwenda kumshtaki. Alikwenda nyumbani kwa yule mwizi, akavua kofia, akamwomba radhi kwa kuacha banda wazi na kumtia jirani majaribuni. Yule mtu alimrudisha kuku huku analia, akaongeza na bata, kama faini.

Nikasema, dawa ndiyo hiyo. Nitamwomba Trent radhi kwa kosa lake.

Ijumaa klabu ilikuwa na chakula cha jioni, pirogi, yaani unga uliokunjwa na viazi ndani, na kitunguu cha kukaanga, mji mzima umeketi. Nikasimama. Sijazoea kusema uongo, tena wa kujisingizia mwenyewe.

"Ndugu zangu, fagio mnaloliona kwenye video ni langu. Niligusa, sikusema. Naiomba radhi timu ya Gudrun."

Kisha nikamtazama Trent. Nikamwachia nafasi, kama unavyosogea kwenye benchi ili mwenzako akae.

Trent akaweka uma chini. Nikautafuta wekundu usoni mwake. Nikadhani nimeuona. Ulikuwa ni mwanga wa tangazo la bia ukutani.

Akainuka, akaja mpaka nilipo, akanikumbatia mbele ya watu.

"Imehitaji moyo," akasema, na sauti yake ilikatika mahali panapostahili. "Huyu ni baba wa mke wangu. Anakaa kwangu, anakula kwangu. Ameteleza. Mimi kama nahodha wake nimemsamehe. Nawaomba na ninyi mumsamehe."

Wakampigia makofi. Wengine walifuta macho.

Akaninong'oneza sikioni, bado amenikumbatia: "Asante, mzee. Ila ungeniambia mapema nisingechapisha kofia nyingi hivi."

Kwenye meza ya mbele Gudrun akachukua koti lake, akaondoka. Sahani yake ilikuwa bado imejaa.

Kabla sijamaliza hata kukaa, Wilf akanivuta pembeni.

"Orest, ndugu yangu, umetuweka pabaya."

"Kivipi?"

"Sisi tulikuwa tumenyamaza. Video ni video, watu wanacheka, inapita. Sasa wewe umekiri. Mtu akikiri, kamati lazima ifanye kitu. Hutacheza mpaka baridi ijayo."

"Na asiyekiri?"

"Huyo tutamwadhibu kwa lipi?" Aliniuliza kwa dhati, na kofia ya Trent kichwani.

"Basi kombe mpeni Gudrun, na Brandon aende yeye."

"Haiwezekani. Trent hajagusa, umegusa wewe. Tumwadhibu mtu mwingine kwa kosa lako? Hiyo haki gani?"

Kwa jinsi nilivyokuwa nimeliweka jambo lenyewe, Wilf alikuwa amesema kweli tupu.

Jumamosi nikaenda kwa Gudrun. Alikuwa anaondoa theluji mlangoni kwa koleo. Hakuacha.

"Simama hapo hapo barabarani," akasema. "Kibaraza changu kina sheria, unaijua."

Nikasimama barabarani.

"Siku ile nilikuwa nyuma ya duara. Unadhani nilikuwa naangalia nini, dari?"

"Uliona?"

"Niliona fagio la Trent likigonga jiwe. La kwako lilikuwa mbele, limeinuka, safi kabisa."

Nikacheka kwa furaha. Lilikuwa kosa.

"Unacheka nini? Umesimama mbele ya mji mzima, ukanitazama usoni, ukanidanganya."

"Nilitaka Trent aone haya."

"Akaona?"

"Hakuona."

"Mimi niliona. Nilikaa pale na uma mkononi nikaona haya kwa niaba yako mpaka chakula kikanishinda. Haya yako umeipeleka nyumba isiyoihitaji, Orest." Akatupa theluji pembeni, karibu na miguu yangu. "Wiki nzima nimekusubiri unipigie simu, useme maneno matatu: mkwe wangu aligusa. Ukaona aibu kumtaja mwizi, hukuona aibu kuzusha."

"Mbona wewe hukusema?"

Akasimamisha koleo. Pumzi yake ilikuwa inatoka kama moshi.

"Mimi ni mpinzani. Mpinzani hasemi. Isingekuwa hivyo ningesema jiwe likiwa bado linatembea, na ningesema kwa sauti ya kuwaamsha wafu."

Gari likapita, dereva akapiga honi, akainua kofia yake. NANI KAONA?

"Kesho kwenye mkutano," Gudrun akasema, "usimame uifute kauli yako. Ukinyamaza, kahawa ya Alhamisi katafute kwingine."

"Na nikisema?"

"Ukisema, njoo na hilo shati. Larissa ameniambia umenunua shati."

Nikarudi nyumbani nikitembea kama kijana. Kusema kweli ni kazi rahisi, nikajiambia. Ni neno moja tu, na safari hii si la uongo.

Jumapili asubuhi nilimkuta Larissa jikoni. Alinitazama, akaja kuninyoosha kola, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

"Baba, unataka kwenda kugeuza maneno."

"Nani kakwambia?"

"Uso wako. Najua kwamba aligusa Trent. Aliniambia siku ile ile."

"Alikwambiaje?"

"Alicheka."

"Na wewe?"

Larissa akaendelea na kola, ingawa ilikuwa imeshanyooka.

"Nilicheka kidogo," akasema. "Nisikilize, Baba. Ijumaa ulisema umegusa. Leo useme hukugusa. Watu wataniuliza kama mzee ameanza kuchanganyikiwa. Wataniuliza mimi, si wewe."

"Utawajibu nini?"

"Nitawaambia ndiyo." Sauti yake ilikuwa laini kabisa. "Sipendi. Lakini Trent ni mume wangu, na wewe ulishasema."

Nilikuwa na majibu mengi ya kumpa. Yalinijia yote nikiwa nimeshakaa kwenye gari lao, kiti cha nyuma.

Ukumbi ulijaa. Wilf akasoma ajenda. Uchaguzi ukaenda kwa kunyoosha mikono, na mikono ikanyooshwa. Trent akawa mwenyekiti kabla kahawa haijapoa. Mimi nilikuwa nasubiri kipengele cha mengineyo. Kilipofika nikasimama, nikainua mkono.

"Subiri kidogo, Orest," Wilf akasema. "Mwenyekiti mpya ana neno la kwanza."

Trent akashika maikrofoni. Alikuwa amevaa tai. Kofia hakuivaa.

"Ijumaa klabu hii ilimfungia mzee wangu kwa sababu alikiri," akasema. "Nimelifikiria sana. Ni klabu gani inayomwadhibu msema kweli? Sisi ni watu wa namna hiyo?"

Hapana, watu wakanung'unika. Wilf ndiye aliyenung'unika kuliko wote.

"Kazi yangu ya kwanza namfungulia. Ya pili, napendekeza Ngao ya Uungwana mwaka huu apewe yeye. Kama kuna asiyekubali, asimame."

Wakasimama wote, lakini kwa kunishangilia.

Mimi nilikuwa tayari nimesimama, na mkono juu, kwa hiyo nilionekana kama mtu anayeishangilia ngao yake mwenyewe.

Ngao ile ilitolewa zamani na familia ya marehemu mume wa Gudrun, na desturi ni kwamba Gudrun ndiye anayeikabidhi. Watu wakageuka kumtazama. Akainuka kutoka mstari wa tatu, akaenda mbele, akaitoa kwenye kabati la kioo, akaja nayo mpaka niliposimama. Uso wake haukuwa na kitu cha kusoma.

Trent akanipa maikrofoni. "Neno, mzee. Fupi."

Mlangoni Larissa alikuwa amesimama na koti langu, amelishika wazi kwa mikono miwili, kama unavyomshikia koti mgonjwa anayetolewa wodini.

Nikashika ukingo wa ngao. Gudrun hakuiachia.

"Wameshachonga jina lako," akasema chini kwa chini, midomo yake haikuchezacheza. "Jana. Kabla hata ya kura."

Nikaitazama. Kweli, jina langu lilikuwa pale, chini ya jina la Wilf, chini ya jina la baba yangu.

Nikaisogeza maikrofoni mdomoni. Watu wakakaa. Mtu mmoja akamnyamazisha mtoto.

"Ndugu zangu," nikasema, "naomba radhi kwa mara ya pili. Ijumaa nilipowaambia kwamba nimegusa..."

Trent akaanza kupiga makofi. Akapiga kwa nguvu, mikono juu ya kichwa, na ukumbi wote ukamfuata. Midomo yangu ilikuwa bado inakwenda, inasema aligusa Trent, na Gudrun, aliyekuwa karibu nami kuliko wote, alikuwa ameinamisha sikio na kukunja uso akijaribu kunisikia, ngao bado imo mikononi mwetu sote wawili, na makofi hayana dalili ya kuisha.